Nani atamkaribisha mtoto mgeni kwenye runinga?

Serikali ya Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, mwaka 2025, wengi wetu hapa Rubavu tuliupima uamuzi ule kwa dawa na chakula. Nani atanunua vyandarua? Nani atamlipa mhudumu wa afya? Maswali ya haki kabisa. Lakini mimi kama mwalimu nilishtushwa na jambo jingine, ambalo wengi walilisoma wakacheka na kufunua ukurasa. Miongoni mwa mifano iliyotolewa na Ikulu ya Washington kuonyesha namna fedha zilivyokuwa zikipotea bure, kulikuwa na dola milioni 20 za kipindi cha televisheni cha watoto nchini Iraki. Kipindi cha vikaragosi, wale wanasesere wanaochezeshwa kwa mkono. Na Julai ya mwaka huohuo, Bunge lao likafuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimekwishatengwa kwa redio na televisheni za umma nchini mwao wenyewe, zile ambazo vikaragosi hao walizaliwa na kulelewa humo.

Najua msomaji wangu anayevuka Petite Barrière kila alfajiri ataniuliza: mwalimu, sisi tuna habari za ushuru, za bei ya dola, za mpaka kufungwa saa ngapi, na wewe unatuletea wanasesere? Naam, ninawaleta, maana wewe ukivuka unamwacha mtoto nyumbani. Mtoto huyo anakutana na watoto wengine waliovuka mpaka kabla yako, wengine kwa hiari, wengine kwa kukimbia. Jinsi watakavyopokeana ni jambo la siasa ya eneo hili kuliko mikutano mingi tunayoisoma magazetini.

Kwanza tukijue kipindi chenyewe. Kinaitwa Sesame Street na kilianza kurushwa Novemba 10, 1969. Waanzilishi wake, mama mmoja mtayarishaji wa vipindi aitwaye Joan Ganz Cooney na mwanasaikolojia Lloyd Morrisett, walikuwa wameona jambo ambalo kila mzazi analiona: mtoto asiyejua hata herufi moja anaweza kuimba tangazo la biashara toka mwanzo hadi mwisho. Wakajiuliza, kama wimbo mfupi unaweza kumuuzia mtoto kinywaji, kwa nini usimuuzie herufi na tarakimu? Wakamchukua fundi wa vikaragosi, Jim Henson, wakawaketisha walimu na watafiti meza moja na waandishi, na wakawa wanavijaribu vipande vyao mbele ya watoto kabla ya kuvirusha.

Hapo pa kujaribu ndipo pana utamu. Wataalamu walikuwa wameshauri kwamba watu na vikaragosi wasichanganywe, mtoto asije akashindwa kutofautisha kweli na mchezo. Basi wakaonyeshwa watoto wa mji wa Philadelphia vipindi vya majaribio. Vikaragosi walipotokea, macho yote mbele. Ulipokuja mtaa wenye watu watupu, watoto wakaanza kuangalia pembeni na kuchokozana. Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza angewaambia hilo bila malipo. Watengenezaji wakauweka kando ushauri wa wataalamu, ndipo akazaliwa Big Bird, ndege wa manjano mrefu kupita mlango, ambaye kwa kweli ni mtu aliyejitia ndani ya vazi la manyoya, na Oscar anayeishi ndani ya pipa la taka. Wakawekwa mtaani pamoja na wauza duka na majirani, kama vile hakuna cha ajabu.

Baadaye kila nchi iliyotaka ikatengeneza mtaa wake. Afrika Kusini ilianza Takalani Sesame mwaka 2000, na mwaka 2002 akaingia humo Kami, msichana wa miaka mitano mwenye manyoya ya rangi ya haradali, ambaye mama yake amefariki kwa UKIMWI na yeye mwenyewe ana virusi. Jina lake limetokana na neno la Kitswana, kamogelo, maana yake kukubaliwa, kupokelewa. Wapo wanasiasa wa Marekani waliokuja juu wakidhani kikaragosi huyo ataletwa kwa watoto wao. Kwa mtoto wa Afrika Kusini Kami hakuwa kioja. Kila mtaa ulikuwa na Kami wake, kilichokosekana ni mtu wa kumwonyesha mtoto kwamba anaweza kucheza naye na kula naye.

Majirani zetu wa Tanzania walipata Kilimani Sesame, kwa Kiswahili, kwenye televisheni, redio na vitabu. Humo kulikuwa na malaria, kunawa mikono, kusoma na kuhesabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watoto 223 wa mjini na kijijini kwa majuma sita, na wale waliokishika zaidi kipindi walionekana kusonga mbele katika herufi na hesabu, katika kuishi na wenzao na katika mambo ya afya. Majuma sita tu. Hata hivyo Kilimani haikudumu kama ndugu yake wa Afrika Kusini.

Mimi nilisoma shule ya msingi Karagwe, uhamishoni, na nilimaliza darasa la saba kabla Tanzania Bara haijawa na kituo cha televisheni hata kimoja. ITV ilianza mwaka 1994. Sisi tulikuwa na Mama na Mwana ya Redio Tanzania, redio moja ikisikilizwa na nyumba nne. Kwa hiyo sina ile imani ya baadhi ya watu kwamba bila runinga mtoto hasomi. Ninachokumbuka ni kwamba katika hadithi zile tulizozisikiliza, sikumbuki hata siku moja alipotokea mtoto aliyekuja kutoka nchi nyingine. Tulijifunza Kiswahili safi, tukakipenda, na tukajifunza wenyewe, bila mwalimu, namna ya kuficha lafudhi ya nyumbani.

Tuliporudi Rwanda mambo yakageuka upande wa pili. Wasomaji wa rika langu wanayakumbuka majina. Aliyetoka Uganda aliitwa musajya, aliyetoka Zaire akawa Dubai, sisi wa Tanzania tukawa TZ. Tulicheka, na sisi tukawapa wengine majina. Watu wazima wana kazi, ndoa, kanisa na biashara, na vitu hivyo husaga majina hayo taratibu. Mtoto wa miaka saba hana hata kimoja kati ya hivyo. Ana uwanja wa shule tu.

Sasa njoo Cyanzarwe, ninakofundisha. Ukisimama kwenye mashamba ya viazi unauona Nyiragongo, na Goma iko chini pale. Volkano ilipolipuka Mei 22, 2021, watu wa Goma walikuja kulala Rubavu kwa maelfu. Januari 2025, M23 walipoingia Goma, makombora yalianguka hadi upande wetu na kuua watu. Halafu Mei 17, 2025 Wanyarwanda wapatao 360, wengi wao wanawake na watoto, walivushwa kutoka Goma wakapelekwa kituo cha mapokezi cha Kijote, wilaya ya Nyabihu, wakiwa kundi la kwanza la watu wapatao 2,000 waliokuwa wakingoja kurudi. Watoto hao wamezaliwa Kongo. Rwanda kwao ni jina walilokuwa wakilisikia kwa wazazi. Kabla yao walikuwa wamekuja waliofukuzwa Kagera mwaka 2013, na watoto wao wadogo leo wako sekondari.

Mtoto wa namna hiyo akiingia darasani anakuta lugha tatu zinamngoja. Nyumbani Kinyarwanda, ambacho chake kina harufu ya Masisi. Sokoni Kiswahili, ambacho chake ni kizuri kuliko cha wenzake. Darasani Kiingereza, ambacho kilitangazwa kuwa lugha ya kufundishia mwaka 2008, na tangu mwisho wa 2019 wizara ikaagiza kitumike kuanzia darasa la kwanza. Nilimpa mvulana mmoja vizibo vya chupa ahesabu. Akahesabu upesi, bila kukosea, kwa Kiswahili: moja, mbili, tatu, mpaka thelathini. Darasa zima likaangua kicheko na mmoja akaita, Mukongomani! Hesabu ilikuwa sahihi. Siku tatu zilizofuata mtoto hakufungua mdomo, na nilipomwita ubaoni alinionyesha majibu kwa vidole.

Nasema wazi kwamba vipindi tunavyo. Vijana wa Ubongo pale Dar es Salaam walianza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014, na baadaye Akili and Me, katuni za kompyuta zilizotengenezwa na Waafrika kwa ajili ya watoto wa Afrika. Huyo Akili tumemsikia hapa akizungumza Kinyarwanda, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watoto wa Rwanda waliomtazama walifaidika. Shirika letu la utangazaji, RBA, lina Itetero, liliyoiandaa pamoja na UNICEF. Vyote ni vipindi vizuri, nami huwaambia wazazi wavifungulie. Ila vinamfundisha mtoto namba, herufi, rangi, na kunawa. Mvulana wangu namba alizijua. Waliohitaji somo siku ile ni wale arobaini waliocheka.

Je, somo la namna hiyo linafundishika kwa mchezo? Jibu tunalo hapahapa Rwanda. Tangu mwaka 2004 redio zetu zimerusha Musekeweya, mchezo wa vijiji viwili vinavyogombana, Bumanzi na Muhumuro. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck aliwalinganisha waliousikiliza na waliosikiliza mchezo mwingine wa afya, akachapisha matokeo mwaka 2009. Imani za watu moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni kile walichodhani kuwa ndiyo desturi: nini kinafaa kufanywa, jirani anategemewa kutenda nini. Kwangu hilo latosha kabisa. Sihitaji kila mtoto ampende mgeni. Nahitaji kila mtoto ajue kwamba hapa kwetu mgeni hachekwi, kama ajuavyo kwamba hapa kwetu mkubwa husalimiwa.

Na kikaragosi wa kazi hiyo yupo tayari, ila yuko mbali. Mwaka 2017 mfuko wa MacArthur wa Marekani uliwapa Sesame na shirika la International Rescue Committee dola milioni 100 kwa ajili ya watoto waliokimbia vita ya Syria. Februari 2020 kikaanza kipindi cha Kiarabu, Ahlan Simsim, maana yake karibu Simsim. Ndani yake yuko Basma, msichana mwenyeji wa manyoya ya zambarau, na Jad, mvulana wa manjano aliyehamia mtaani kutoka mbali, akaacha vitu vyake nyuma. Pamoja nao yuko mbuzi mmoja mlafi, Ma'zooza, maana bila mbuzi watoto wasingetazama. Jad anapata hofu, anakasirika, anahisi upweke, na kila mara wanaonyeshwa watoto nini cha kufanya na hofu ile: kuvuta pumzi, kuhesabu, kusema unachohisi. Basma hamhoji Jad katoka wapi na kwa nini. Anamwonyesha njia ya kwenda dukani. Hata kile cha Iraki kilichochekwa Washington kilikuwa tawi la mti huohuo.

Wapo watakaosema kwamba kwetu haiwezekani, kwa sababu ya Kongo. Tutatengenezaje mtaa mmoja na watu wa Goma wakati serikali zetu zinatazamana kwa jicho la pembeni? Mawaziri wa nje walitia saini makubaliano ya amani Washington Juni 27, 2025, lakini mfanyabiashara wa Rubavu hapimi amani kwa saini, huipima kwa foleni ya mpakani. Nawakubalia kuwa ni kazi ngumu. Lakini wenzetu wameijaribu penye ugumu kupita huu. Mwaka 1998 Waisraeli na Wapalestina walianza kurusha kipindi cha pamoja. Wazo la awali lilikuwa vikaragosi wa pande zote wakutane kwenye bustani moja. Wapalestina wakauliza: bustani hiyo iko kwenye ardhi ya nani? Swali likakosa jibu. Basi ikawa mitaa miwili, kila upande na mtaa wake, na vikaragosi wakitembeleana kwa mwaliko. Machafuko ya miaka ya 2000 yakautia ugumu hata huo utembeleanaji, sitaki kumdanganya msomaji. Kosovo nako, mwaka 2004, Waalbania na Waserbia walitofautiana mpaka kwenye herufi, hawa Kilatini, hawa Kisiriliki, na mzazi wa huku asingekubali mtoto wake aone herufi za kule. Wakatafuta njia: mtoto anaonekana ameshika kitu, analitamka jina lake, hakuna kilichoandikwa.

Sisi tuna nafuu ambayo hao wote hawakuwa nayo. Mama wa Birere na mama wa Mbugangari wanapatana bei kwa Kiswahili kila siku bila mkalimani. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Zanzibar kuna Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya, na kila Julai 7 tunaadhimisha siku ya Kiswahili duniani kwa hotuba na ngenga za washairi. Sijaona bado ngenga hizo zikizaa japo dakika kumi za mtoto wa chekechea. Kiswahili tumekiacha kiwe lugha ya kupatana bei na ya kutoa amri. Mtoto anayekijua kuliko wengine anachekwa kwa sababu hajawahi kumsikia mhusika mpendwa akikitumia karibu na Kinyarwanda, katika sentensi moja, bila aibu, kama tunavyokitumia sisi sote tukiwa sokoni.

Ufundi nao upo. Mwaka 2009 Wakenya walianza The XYZ Show, vikaragosi vya kuwakejeli wanasiasa, kazi ya mchoraji Gado, mzaliwa wa Tanzania. Wakubwa wetu wa Afrika Mashariki walitengenezwa vichwa vya mpira pale Nairobi, wakatembea na kusema. Kwa hiyo mafundi wa kushona, kuchonga na kuchezesha wapo, mwendo wa basi mbili kutoka hapa. Tuliwapa kazi ya kuchekesha watu wazima, na watoto tukawaachia agasobanuye.

Hilo la agasobanuye lifikiriwe kwa makini. Watoto wangu hawakosi picha za kutazama. Wanatazama filamu za ngumi na risasi zilizotafsiriwa kwa sauti ya mtu mmoja, kwenye vibanda na kwenye simu za kaka zao, na kadi za kumbukumbu zenye filamu hizo huvuka mpaka kama zinavyovuka nyanya na vitenge. Njia ya usambazaji ipo, imetengenezwa na wafanyabiashara wenyewe bila mradi wala warsha. Anayekujazia nyimbo kwenye simu pale karibu na mpaka anaweza kukujazia vipindi ishirini vya watoto kwa bei ileile, kama vipindi hivyo vipo.

Ningeanza na redio, si runinga. Ni nafuu, inafika kwenye nyumba isiyo na umeme, na haina mpaka. Huku Cyanzarwe redio za Goma zinaingia kana kwamba ziko nyuma ya nyumba. Wahusika wawili, mwenyeji na mgeni, na mnyama mmoja mlafi. Robo saa kwa juma, nusu ikitayarishwa Gisenyi na nusu Goma, kila upande na mtaa wake, wakitembeleana. Watoto waijaribu kwanza, kama wale wa Philadelphia, na wakiangalia pembeni tuanze upya. Sauti zikishapendwa, ndipo fundi wa Nairobi aitwe na manyoya yake.

Milioni 100 za dola hatuna, na waliokuwa wakizitoa wamekwisha kutuambia watakavyo. Ushuru wa bidhaa zinazovuka hapa unakusanywa kila siku na pande zote mbili, na vyama vya ushirika vya wafanyabiashara wadogo vina michango yake. Ningependa kusikia halmashauri ya wilaya, vyama hivyo na RBA wakikaa meza moja kabla muhula ujao haujaanza, kujadili robo saa hiyo itagharimu kiasi gani. Mvulana wangu nimemketisha dawati moja na msichana wa mama anayeuza karoti Goma, ambaye Kiswahili chake ni kama cha kwake. Wanazungumza mpaka nawanyamazisha.